MAMBO YA NYUMBANI: Mama Akaaye Wodini Baada ya Kuzaa



Mwalimu mmoja wa upande wa Ukerewe ametuletea barua, naye auliza neno ambalo twadhani wengi wenu mmeliuliza kimoyomoyo. Mkewe alijifungua hospitalini alfajiri, salama kabisa. Ilipopata saa nne ya asubuhi, mama mzazi wa mwalimu akataka mkwewe atolewe wodini arudi nyumbani. Alisema mtoto analia vizuri, mama yake amekwisha kunywa uji, na kitanda chenyewe ni chembamba tena kina watu wawili. Wauguzi wakakataa, wakasema sharti alale mpaka kesho yake. Mama yule akaona kwamba wamzuia mkwewe bure, na mwalimu akasimama katikati, asijue amsikilize nani. Basi atuuliza: "Mtu aliyekwisha kuzaa salama, ana kazi gani tena hospitalini?"

Swali hili ni jema, wala mama yake mwalimu hakunena kwa ubaya. Alinena kwa upendo, kama wanenavyo bibi zetu wote. Walakini twataka kulijibu kwa urefu, maana katika jambo hili watu hufa kwa kutokujua.

Kwa nini siku ya kwanza ina hatari

Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ya uzazi ni uchungu wenyewe, na mtoto akiisha kulia, hatari imepita. Sivyo. Saa ishirini na nne za kwanza baada ya kuzaa ndizo zitakazo macho kuliko nyingine. Ulimwenguni kote, jambo liwauao wazazi wengi kuliko yote ni kutokwa na damu baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wanawake kama 70,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka.

Tuueleze mwili jinsi ulivyo, ili kila mtu afahamu. Kondo la nyuma lilikuwa limeshikamana na ukuta wa tumbo la uzazi, na hapo mishipa mingi ya damu ilikuwa ikimlisha mtoto. Kondo likitoka, mishipa ile yabaki wazi. Ni nini basi kiizuiacho damu isimwagike yote? Ni tumbo la uzazi lenyewe, ambalo hujikaza kama mtu akunjavyo ngumi, na nyama zake huibana mishipa ile pande zote. Ngumi hiyo ikikaa imekunjwa, mama yu salama. Ikilegea, damu hutoka kwa kasi, na mtu mwenye nguvu zake aweza kufa kabla ya saa mbili kupita. Nayo yaweza kulegea hata kwa mama aliyezaa vizuri, asiye na ugonjwa wowote, ambaye saa moja iliyopita alikuwa akicheka na jamaa zake.

Hii ndiyo sababu mkunga huja kila mara akamshika mama tumboni, chini ya kitovu. Wengine hunung'unika wakisema, "Mbona ananiminya nami nimechoka?" Atafuta ngumi ile. Akiikuta ngumu kama chungwa, moyo wake watulia. Akiikuta laini, aisugua mpaka ikaze, tena atoa dawa. Hali kadhalika amwuliza mama kama amekwenda haja ndogo, naye mama aona haya kuulizwa neno kama hilo. Lakini kibofu kilichojaa husukuma tumbo la uzazi likashindwa kujikaza. Kwa hiyo yatakiwa mama akojoe kabla ya saa sita kupita tangu ajifungue. Tena hupimwa presha ya damu, maana kifafa cha mimba huweza kumpata mtu hata baada ya kuzaa. Hupimwa na joto la mwili, ili homa ijulikane mapema.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake juu ya siku hizi, likasema kwamba mama aliyezaa salama kwa njia ya kawaida akae kituoni saa 24 kwa uchache, yeye na mtoto wake. Wauguzi waliomzuia mke wa mwalimu walikuwa wakifuata shauri hilo.

Habari ya mama mmoja

Twataka kuwasimulia habari ya mama mmoja tumjuaye. Jina lake hatutalitaja, wala jina la hospitali, ila ni hapa mjini Mwanza. Ulikuwa uzazi wake wa pili. Alijifungua mtoto wa kike jioni, akapelekwa wodi ya wazazi. Wodi ilijaa, nao walilala wawili wawili, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake, na watoto katikati. Wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wawili, na wazazi walikuwa wengi.

Saa mbili ya usiku mama huyu alimwita muuguzi, akataka kujua kwa nini mtoto hataki ziwa. Muuguzi alikuwa akikimbilia chumba cha kuzalia, akamjibu kwa ukali, "Wewe si mzazi wa kwanza, hujui kunyonyesha?" Wenzake wakasikia. Mama akanyamaza, akavuta kanga yake usoni, akaazimu moyoni kwamba hatamwita mtu tena hata asubuhi.

Ilipokaribia saa tano, akasikia maji ya moto yakitiririka mapajani. Alijua ni damu, lakini alijiambia kwamba kila mzazi hutokwa na damu. Akajifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza. Baadaye akasikia kiu kuu, masikio yakaanza kuvuma, jasho la baridi likamtoka. Hata hapo hakuita. Alituambia mwenyewe, "Niliona afadhali nife kuliko kuaibishwa tena mbele za watu."

Mwenzake wa kitandani alikuwa mama wa makamo aliyetoka Magu, mzazi wa mtoto wa sita. Huyo aligeuka amfunike mtoto wake, akagusa godoro, mkono ukalowa. Akamtazama mwenziwe kwa mwanga wa taa ya ukumbini, akasema, "Mwanangu, mbona midomo yako imekuwa myeupe?" Wala hakungoja jibu. Akatoka mbio akiita mpaka akampata muuguzi, akamshika mkono.

Muuguzi aliyekuja ndiye yule yule wa saa mbili. Alifunua kanga, akaona, akapaza sauti kumwita mwenzake na daktari. Hakupoteza hata dakika moja. Mkono mmoja alikuwa akisugua tumbo la uzazi, huku mwenzake akitia mpira wa kutolea mkojo, nao ukatoka mwingi sana. Wakamchoma sindano ya kukaza tumbo, wakamtia dripu, wakamtazama kama kipande cha kondo kimebaki ndani. Haikupita nusu saa damu ikapungua. Muuguzi akakaa kando ya kitanda mpaka alfajiri, akipima mapigo ya moyo mara kwa mara. Kulipokucha alimletea mama chai kwa mkono wake mwenyewe, akamsaidia kumweka mtoto ziwani vizuri, kidevu kikigusa titi na kinywa kikiwa wazi. Hakusema neno juu ya lile lililopita. Lakini siku ya tatu, mama alipokuwa akiondoka, alimwambia, "Mama, ukirudi tena uniite hata mara kumi."

Mama huyu yu hai, na mtoto wake anatambaa.

Tupate nini katika habari hii

Kwanza, haya yaweza kuua. Katika malezi yetu mwanamke hufundishwa kuvumilia na kunyamaza, naye husifiwa kwa kutolia. Sifa hiyo ina mahali pake, lakini katika wodi ya wazazi haina. Mama afundishwe na mumewe, na mama yake, na mama mkwe wake, kwamba akiona damu yalowesha kitambaa, aite. Asipoitikiwa, aite tena. Akikosa nguvu ya kuita, amwambie mwenzake wa kitandani. Kila mama aliye wodini na awe macho kwa ajili ya jirani yake, kama yule wa Magu.

Pili, neno kali huziba kinywa cha mgonjwa. Wako wasomaji wetu wengine ambao ni wauguzi na wakunga, au wana binti wasomao kazi hiyo. Twajua ya kuwa kazi yenu ni nzito, mikono ni michache, na mtu aliyesimama usiku kucha huchoka mwili na moyo. Hatuandiki ili kuwashtaki. Lakini twawaomba mkumbuke kwamba mama aliyefokewa saa mbili hatawaita saa tano. Jibu la upole halihitaji dakika nyingi kuliko jibu la ukali, nalo hufungua mlango wa habari mnazozihitaji ninyi wenyewe.

Tatu, macho hudanganya. Damu inywewayo na kanga na godoro haionekani wingi wake, hata mkunga mzoefu hukisia pungufu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, juu ya wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walipewa mfuko wa nailoni wenye mistari ya vipimo, uwekwao chini ya mama mara tu baada ya kuzaa, ili damu ionekane kadiri yake. Ikizidi kipimo, matibabu yote yalitolewa pamoja mara moja: kusugua tumbo, sindano ya kukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kuchunguza chanzo. Hesabu ya waliopata madhara makubwa ya damu ikapungua kwa asilimia 60. Tazameni, hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa hapo. Yaliyofanyika ni kupima badala ya kukisia, na kutenda yote kwa wakati mmoja.

Nne, mikono. Mwaka 1847, katika hospitali ya Vienna, nchi ya Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi iliyohudumiwa na madaktari, kuliko katika wodi ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwashika wazazi. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1846 katika wodi ile walikuwa wamekufa wazazi kama 11 katika kila 100. Mwaka 1848 alikufa kama mmoja tu katika 100. Wengi wa wenzake walimdharau, lakini alikuwa na haki. Basi ninyi mwendao kuwaona wazazi, mnaoshika nguzo za daladala na mapipa ya dagaa njiani, naweni kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Na mwenye kikohozi au mafua na atume salamu tu.

Juu ya mtoto mchanga

Mtoto akizaliwa hufutwa akakaushwa, kisha huwekwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja. Hapo hupata joto, na katika saa ya kwanza huanza kunyonya. Maziwa yale ya kwanza, mazito na ya manjano, nyumba nyingine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Msifanye hivyo kamwe. Hayo ndiyo kinga yake ya kwanza, nayo ingawa ni machache yatosha, maana tumbo lake ni dogo sana. Asipewe maji, wala maji ya sukari, wala dawa ya kienyeji ya tumbo. Maziwa ya mama peke yake yamtosha mpaka atimize miezi sita.

Asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Upepo wa ziwa ni wa baridi asubuhi, na mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Kitovu kiachwe kikavu na safi. Msipake majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta, wala unga wa dawa yoyote isiyotolewa na kliniki. Pepopunda ya watoto wachanga huingia kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kutoka wodini, mama aulize kama mtoto amekwisha kuchanjwa chanjo ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio, na jambo hilo liandikwe katika kadi.

Akizaliwa mdogo, msikate tamaa. Iko njia iitwayo ya kangaruu, iliyoanza Bogotá, nchi ya Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu mashine za joto zilikuwa haba. Mtoto hufungwa kifuani pa mama, uchi kwa uchi, mchana na usiku. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya hospitali tano za Afrika na Uhindi zilizochunguza jambo hili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Watoto wadogo sana walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika 100. Waliowekwa kwanza katika mashine na kubebwa baadaye, walikufa karibu 16 katika 100. Na baba naye aweza kumbeba mtoto kifuani wakati mama amepumzika. Si aibu. Kifua cha baba kina joto sawasawa na cha mama.

Desturi zetu: zipi tushike, zipi tuache

Hatusemi kwamba yote ya bibi zetu ni mabaya. Desturi ya kumpumzisha mzazi, kumtekea maji, kumpikia uji wa ulezi au wa mtama, kumletea supu ya sato na dagaa na mboga za majani, hiyo ni desturi njema kabisa, nayo yapita huduma nyingi za mjini. Mama aliyepoteza damu ahitaji chakula cha namna hiyo, pamoja na vidonge vya madini ya chuma apewavyo kliniki. Jamaa wampelekee wodini, wala wasidhani michembe na chai vyatosha.

Lakini kukandwa tumbo kwa maji ya moto yachemkayo kumewaunguza wengi, na kumfunga tumbo kwa nguvu hakulirudishi upesi. Vilevile mzazi asitumwe ziwani kuoga wala kufua, maana maji ya ukingoni yana kichocho, na yeye bado ana majeraha. Achemshiwe maji, yapoe kidogo, aoge nyumbani.

Neno kwa baba wa nyumba

Mwanamume, kazi yako haikomi mlangoni pa hospitali. Katika hesabu ya nchi ya mwaka 2015 na 2016, akina mama waliozalia vituoni Tanzania walikuwa 63 katika 100. Mwaka 2022 walikuwa 81. Hayo ni maendeleo makubwa. Vifo vya wazazi navyo vimepungua sana, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mpaka 104, kwa hesabu za miaka hiyo hiyo. Lakini walioangaliwa afya zao katika siku mbili za kwanza baada ya kuzaa, mwaka 2022, walikuwa karibu nusu tu. Maana yake twawapeleka wake zetu kuzaa, kisha twawahimiza kuondoka.

Sababu moja ni fedha na safari. Mtu wa Ukara au Kome ahesabu saa ya chombo, akisema, "Tukikosa cha leo, tutalala wapi?" Kwa hiyo yakupasa kuweka akiba mapema, tangu mimba ina miezi mitatu minne: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku mbili au tatu, kanga safi tano au sita, sabuni, beseni, na nguo za mtoto pamoja na kofia. Ujue na mtu wa damu moja na mkeo, atakayekuwa tayari kuchangia damu kama ikihitajika. Wakazi wa Sengerema na Geita wamepata nafuu, maana daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, wala hawangoji tena kivuko. Lakini watu wa visiwani wangali wakitegemea maji.

Tena kuna mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Ulijaribiwa kwanza huku kwetu, Sengerema na Buchosa pamoja na mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Mtu hupiga simu namba 115, bila malipo, naye hutafutiwa gari la wagonjwa, au dereva wa jirani aliyeandikishwa, ili ampeleke mama au mtoto mchanga kituo kinachofaa. Namba hiyo andikeni kwa mkaa ukutani, ili hata mtoto wa shule aione. Na kituo kidogo kikisema mgonjwa apelekwe Sekou Toure au Bugando, msikae kikao cha ukoo. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 ili kupokea magonjwa mazito ya watu wa Kanda yote ya Ziwa. Kupelekwa huko si hukumu ya kifo.

Kurudi nyumbani, na alama za hatari

Kabla mama hajatoka wodini, na akaguliwe yeye na mtoto, wala asiondoke kwa kujificha. Kisha arudi kliniki mara tatu kwa uchache: siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena akitimiza wiki sita. Katika siku hizo zote, akiona moja katika haya, aende kituoni saa ile ile, usiku au mchana:

1. Damu inayolowesha kitambaa upesi, au inayozidi badala ya kupungua.
2. Homa, au uchafu wenye harufu mbaya utokao ukeni.
3. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, au degedege.
4. Kuhema kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
5. Mtoto kukataa kunyonya, kuwa baridi au moto mno, kuhema mbio, kulegea, kushtuka kwa degedege, kuwa na rangi ya manjano, au kitovu kutoa usaha.

Liko na jambo la sita, ambalo kwetu halina jina la wazi. Mzazi aweza kulia bila sababu katika siku chache za kwanza, na hilo hupita. Lakini likizidi wiki mbili, akawa hapendi kula, halali hata mtoto akilala, hamtazami mwanawe, au anena habari ya kufa, huo ni ugonjwa. Msimwite mvivu, wala msiseme amerogwa. Mpelekeni akatibiwe, na asiachwe peke yake.

Jibu letu

Basi, mwalimu wetu, jibu letu ni hili. Mkeo aliyezaa salama ana kazi hospitalini kwa siku moja, mchana na usiku, nayo ni kuangaliwa. Kama alizaa kwa kupasuliwa, au alipoteza damu, au mtoto ni mdogo, ni zaidi ya hapo, kama daktari atakavyosema. Mwambie mama yako kwa heshima kwamba kazi yake yeye haijachukuliwa na mtu; yamngoja nyumbani siku arobaini. Na kama apenda kuanza leo, apike uji, auchukue wodini, ampe mkwewe, na kikombe cha pili ampe yule alalaye naye kitanda kimoja, ambaye pengine ametoka mbali wala hana mtu mjini.

Ninyi walimu wengine, tafadhali someni alama zile tano na ile ya sita mbele ya akina baba pia, si mbele ya akina mama peke yao. Maana mara nyingi ndiye baba ashikaye simu na nauli.

Tunawatakia nyumba zenye afya.